Nilimsingizia kaka wa Iringa kuwa anapiga nyama maji

Hii naandika kwa ajili ya wanaotaka kuingia kwenye kitimoto (nyama ya nguruwe) ya kusindika, yani soseji, bekoni, hemu na ndugu zake, ila hata wewe wa kukaanga na ndizi kuna mahali itakugusa. Wasiokula mdudu mpite tu salama, hakuna ugomvi.

Nilifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja hapa Dar miaka tisa, kitengo cha nyama. Mwaka 2020 corona ilivyokuja wageni wakakatika, tukapunguzwa. Nikapewa kiinua mgongo changu nikakaa nacho nyumbani kama miezi minne nakiangalia tu, baba watoto akasema basi fanya unachokijua. Nikajua najua nyama. Nikanunua mashine ya kusaga ya mtumba, dipu friza mbili, mashine ya kufungia nailoni kwa kunyonya hewa, mizani ya kidijitali, nikapanga chumba kule Mbezi, nikafuata vibali, nikaanza na kilo ishirini kwa wiki. Soseji zikaenda vizuri sana. Baada ya mwaka na kitu hivi nikapata mteja wa maana, mgahawa mkubwa tu, wanataka hemu kilo thelathini kila wiki mbili. Nikapiga magoti nikashukuru.

Kumbe ndo shida inaanza.

Kwa asiyejua, hemu unachukua mapaja ya nguruwe yaliyotolewa mfupa, unayachoma sindano za maji ya chumvi na viungo, unayalaza kwenye baridi, halafu unayabana kwenye kopo unachemsha taratibu. Hesabu yangu ilikuwa kilo 40 za mapaja mabichi nakuja kupata kilo 38 za hemu iliyoiva. Hapo ndo faida inakaa. Sasa wiki moja natoa mzigo kwenye makopo naona maji yamejaa, yani supu kabisa, napima napata kilo 31. Nikasema labda nimekosea chumvi. Nikakata vipande, vinameguka, katikati kuna vitundu vitundu, halafu rangi mabaka mabaka, upande mmoja pinki nzuri upande mwingine mweupe kama kuku. Nikapeleka hivyo hivyo kwa aibu, mpishi wao akanipigia jioni akaniambia dada hii hemu ukiikata na mashine inakuwa makombo, njoo uchukue.

Nikaenda nikachukua. Tukala nyumbani mpaka watoto wakaanza kuuliza kama hatuna tena maharage.

Mara ya pili ikatokea tena. Mara ya tatu nikakaa sasa na nyama mbichi niiangalie vizuri kabla ya kuigusa, nikaona imepauka, laini ukiibonyeza kidole kinazama hakirudi, na chini ya beseni maji mekundu yamejaa na hata chumvi sijaweka. Hapo akili yangu ikaenda moja kwa moja kwenye wizi. Si mnajua stori za mjini, kuku wanachomwa sindano za maji ili uzito uongezeke, basi nikajua na mimi napigwa. Aliyekuwa ananiuzia ni kaka mmoja anatoa nguruwe Iringa, anawaleta na fuso, wanachinjwa hapa Dar, mimi nachukua mizoga kwa kilo, wakati ule shilingi 7,500. Mtu mpole, akipiga simu lazima aanze na "kamwene dada" hata kama ana haraka.

Nikamwandikia kwenye grupu la WhatsApp la wafanyabiashara wenzetu, mbele ya watu wote: kaka acha kupiga nyama maji, tunakujua. Akajibu kwa upole dada sijawahi, njoo uone wanavyochinjwa. Mimi nikamjibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Akatoka kwenye grupu. Wateja wengine wawili nao wakamwacha kwa sababu yangu.

Nikahamia kwa muuzaji mwingine. Wiki mbili nyama nzuri, ya tatu maji yale yale.

Kufika hapo nilikuwa nimeshapoteza kama milioni mbili na laki tatu ukichanganya mzigo uliorudi, gesi, viungo na ule mgahawa ambao ulisema tupumzike kidogo (wakipumzika hivyo huwa hawarudi, nijuavyo mimi). Nilikuwa silali. Nilikuwa naamka saa tisa usiku naenda kufungua friji kuangalia nyama kama inatoa maji, kama mtu anayeangalia mtoto mgonjwa.

Aliyenitoa gizani ni mama mmoja mtaalamu wa nyama, alisomea SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, tulikutana tu kwenye semina ya wajasiriamali. Nikamweleza yote pamoja na habari ya maji ya sindano. Akacheka kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kwenda kuona wanavyochinjwa?" Nikanyamaza. Miaka tisa hotelini nyama inakuja imekatwa kwenye boksi, na kwenye biashara yangu nyama inakuja imekatwa kwenye kreti. Sikuwahi. Yani kaka wa Iringa alinikaribisha kabisa nikaona ananizuga.

Nikaenda. Nikawa pale saa nne asubuhi, fuso ikaingia saa saba mchana. Iringa mpaka Dar ni kama kilomita 500, unashuka Kitonga, unapita Mikumi mwendo wa kobe, unasimama mizani, halafu unakuja kuliwa na foleni kuanzia Kibaha. Nguruwe wamebanana, jua la Dar linawaka, na nguruwe jamani hatoi jasho kama sisi, joto likimzidi anahema tu mdomo wazi. Wakashushwa pale pale, mmoja anavutwa masikio, mwingine mguu, fimbo, mateke, kelele ambazo sijawahi kusikia maishani, dakika kumi hazijaisha wa kwanza ameshapigwa nyundo ya kichwa. Wengine wanaona, wanakimbizana ukutani. Baada ya kunyolewa na kupasuliwa wakatundikwa kwenye mnyororo nje, chini ya bati, mpaka saa kumi boda alipokuja na makreti yake na turubai, hakuna hata kipande cha barafu. Zile zikawa ndo nyama zangu za hemu.

Yule mama alinielezea kwa lugha ambayo hata mimi niliyeishia kidato cha nne nilielewa. Misuli ya mnyama ina sukari yake ya akiba, inaitwa glaikojeni. Akishakufa damu haizunguki tena, ile sukari inaanza kugeuka asidi. Hilo ni jambo la kawaida na tunalihitaji. Nguruwe akiwa hai pH ya msuli iko kama 7, baada ya saa 24 inatakiwa iwe imeshuka taratibu mpaka 5.6 au 5.7 hivi, wakati huo nyama nayo imeshapoa. Sasa nguruwe aliyekimbizwa na kupigwa dakika za mwisho, misuli inachoma sukari kwa fujo, pH inashuka mpaka chini ya 6 ndani ya dakika 45 tu na mwili bado uko na nyuzijoto 40 huko. Asidi na joto kwa pamoja. Akaniuliza ukikamulia ndimu kwenye maziwa baridi na ukikamulia kwenye maziwa ya moto, yapi yanakatika haraka? Basi. Protini ya nyama inakatika vile vile, inashindwa kushika maji yake yenyewe, na rangi inapauka. Wataalamu wanaifupisha PSE, kwa Kiingereza maana yake imepauka, laini, inatoa maji. Hakuna sindano, hakuna mchawi, maji yale ni ya nguruwe mwenyewe.

Nilirudi kwenye daladala nimekaa dirishani sisemi na mtu.

Hii nyama ya PSE haina sumu, mtu akila haumwi. Ndo maana machinjioni hakuna anayeizuia, afisa mifugo anaangalia magonjwa, anagonga muhuri, amemaliza. Wa kukaanga naye haoni sana, ataona tu kilo imesinyaa kwenye karai na mteja analalamika amepunjwa, na nyama kavu mdomoni. Anayeumia ni msindikaji kwa sababu sisi tunaishi kwa maji yanayobaki ndani. Paja na ile nyama ya mgongoni ndo zinapata sana, bega lina nafuu.

Kipimo cha kwanza nilichoanza nacho hakikunigharimu kitu. Unakata kipande cha gramu 100 bila mafuta, unakitundika na uzi ndani ya mfuko wa nailoni kisiguse mfuko, unaweka kwenye friji (sio friza), kesho yake unapima tena. Ikibaki 97 au 98 nyama nzuri. Ikishuka chini ya 95 usiifanye hemu, tafuta matumizi mengine. Siku ya kwanza kupima, nyama ya ile fuso ilibaki 91. Nililia kidogo sio siri, maana niliona kabisa namba ya dhambi yangu.

Baadaye nikanunua kipima pH chenye ncha ya kuchoma kwenye nyama, laki tatu na ushee. Kikavunjika mwezi wa kwanza, nilikichoma kikagonga mfupa, ile ncha ni kioo. Cha pili nikakitunza kama yai. Kama unanunua hakikisha unanunua na yale maji ya kusetia, ya pH 4 na ya pH 7, usipokiseti kinakudanganya na wewe unaamini kwa sababu kina skrini. Kama hela hauna kaa na mfuko na mizani yako, utafika.

Basi nikaanza kubadilisha mambo. Nikaongea na wale vijana wa machinjioni, nikaongeza shilingi 5,000 kwa kila nguruwe wangu, masharti: wakishuka wapumzike saa mbili mpaka nne kivulini, wapewe maji ya kunywa, wamwagiwe maji mwilini, hakuna fimbo, wapelekwe na ubao wawili wawili, na kuchinja iwe alfajiri kabla ya jua. Walicheka hao. "Dada anataka nguruwe walazwe hotelini." Wakaanza kuniita mama lodji. Nikawaambia iteni mnavyotaka ila hela mtaipata nikiona. Nikawa nakwenda mwenyewe saa kumi usiku na kanga yangu na tochi. Na kitu kingine, yule wa nyundo na yule wa kisu wasimame pamoja, akishapigwa tu akaanguka achomwe kisu hapo hapo ndani ya sekunde kumi na tano, sio amepigwa halafu mwenye kisu anamalizia kuvuta sigara. Ikichelewa unakuta vidoti vyekundu vya damu ndani ya nyama, mteja anadhani ugonjwa. Na nguruwe naye anaweza kuzinduka, jambo ambalo sitaki hata kulifikiria.

Maji ya kunyonyolea pia. Walikuwa wanamwaga ya kuchemka kabisa, ngozi inaiva na manyoya yanagoma kutoka. Nyuzi 60 mpaka 62, dakika tano au sita, manyoya yanatoka kama unamenya. Nikawaachia kipimajoto changu cha jikoni, kikaibiwa wiki ya pili, nikanunua kingine nikawa nakuja nacho na kuondoka nacho.

Nyama ikabadilika. Hemu zikarudi kilo 37, 38. Nikaanza kujiona mtaalamu sasa, na hapo ndo nikafanya kosa langu la pili ambalo kwa kweli liliniuma kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza nilikuwa sijui, hili nilikuwa nimeelewa nusu.

Nikajiambia kama kupumzika saa tatu ni vizuri basi usiku mzima si itakuwa vizuri zaidi? Nikachukua nguruwe kumi na mbili kutoka kwa wafugaji watatu tofauti, nikawaweka banda moja pale machinjioni kuanzia mchana wa Ijumaa, bila chakula kwa sababu niliambiwa wasile kabla ya kuchinjwa (ni kweli, saa 12 mpaka 18 hivi bila chakula inatosha, utumbo unakuwa mwepesi hautoboki wakati wa kupasua), na usafiri ukachelewa kwa hiyo walikuwa tayari wana njaa ya siku nzima. Nguruwe wasiojuana ukiwachanganya wanapigana usiku kucha kumtafuta mbabe. Asubuhi nakuta migongo yote imechanika, wamechoka hoi, wametulia tuli. Nikafurahi kwamba wametulia!

Na nyama ilivyotoka jamani, nyekundu iliyokolea, ngumu kidogo, kavu, hata tone halidondoki. Kipimo cha mfuko gramu 99. Nikapiga picha nikatuma status. Nikakata vipande vya nyama mbichi vya kuchoma, nikafunga kwenye nailoni za kunyonya hewa pakiti arobaini, nikasambaza kwa wateja wa majumbani kwa bei ya juu, nikawaambia inakaa wiki mbili kwenye friji.

Siku ya tano simu ya kwanza. Siku ya sita simu saba. Pakiti ukifungua inanuka kama yai viza, nyingine zimeanza rangi ya kijani. Mteja mmoja akaniandikia kwa herufi kubwa kwamba nimewauzia mzoga. Nilirudisha hela za watu wote, laki nane na kitu, na niliomba msamaha mmoja mmoja kwa simu, hilo ni zoezi ambalo simwombei mtu.

Yule mama nikampigia akaniuliza pH ya kesho yake ilikuwa ngapi. Sikuwa nimepima, kwa nini nipime na nyama inang'aa vile. Nikachoma kwenye kipande kilichobaki friza nikakuta 6.4. Akasema ndo hiyo sasa, upande wa pili wa shilingi. Nguruwe aliyechoka muda mrefu, safari ndefu, njaa, mapigano, ameshamaliza sukari yote ya misuli kabla hajafa. Hakuna cha kugeuka asidi. pH inabaki juu ya 6, nyama inashika maji yake yote kwa hiyo inaonekana nyeusi, ngumu, kavu, wanaiita DFD. Bakteria wanaipenda hiyo, asidi ya kuwazuia hakuna, na sukari ya kuanzia hakuna kwa hiyo wanaingia kwenye protini moja kwa moja na ndo harufu inatokea mapema. Kwa hiyo ile nyama nzuri machoni ndo inayowahi kuoza.

Kama unaipata usiitupe. Inashika maji vizuri mno, isage siku hiyo hiyo kwa soseji za kuchemsha, ipike, imalize. Ila usiifunge mbichi ukaiuza kwa siku nyingi, na hemu ya chumvi nayo haifai maana chumvi haiingii vizuri. Ile ya PSE nayo nachanganya kidogo kwenye soseji za nyama iliyosagwa kwa chenga kubwa, na nyama nzuri ikiwa nyingi zaidi, siipeleki kabisa kwenye hemu. Siku hizi navuta wa mfugaji mmoja na banda lao, hawachanganywi na wageni.

Kuna kipindi wilaya ninayotoa nguruwe ilifungwa, karantini ya homa ya nguruwe, vibali vya kusafirisha hakuna. Ugonjwa ule haumpati binadamu ila nguruwe wanakufa wote bandani, na haina dawa, kwa hiyo msiwe wale wa kusafirisha kwa njia za panya usiku. Ikabidi nitafute hapa karibu na mjini na huko nako nikajifunza mengine kwa haraka haraka na kwa hela yangu.

La kwanza, nilipata nguruwe wa bei poa kwa mzee mmoja, dume kubwa la mbegu limestaafu, halijahasiwa. Kilo 140 za uhai. Nikasema soseji za mwezi. Nikakaanga kipande cha kuonja, nikasikia harufu ya mkojo mkojo na jasho, nikamwita baba watoto aonje akasema mbona nzuri tu mke wangu. Nikajiona nina mimba au nini. Nikauza. Nusu ya wateja wakasifia, nusu wakarudisha wamekunja sura. Ndo nikaja kujua kwamba harufu ya dume inatokana na homoni inayotengenezwa kwenye korodani na kukaa kwenye mafuta, na kuna watu pua zao haziisikii kabisa, baba watoto akiwa mmojawapo. Ikiwa mbichi na ya baridi karibu hauisikii, inafumuka ikipata moto. Nyingine inafanana na mavi, hiyo inatengenezwa na bakteria wa utumboni, na nguruwe anayelala kwenye uchafu anakuwa nayo zaidi. Kwa hiyo dume nunua aliyehasiwa akiwa mdogo, na kama una wasiwasi na uliyeletewa, kata kipande cha mafuta weka kwenye kikaango cha moto uwaite watu watatu wanuse. Watatu, sio mmoja, na asiwe mume wangu.

La pili mafuta. Bekoni inataka mafuta meupe na magumu, ukikata yanasimama. Nikaletewa ya njano, yanateleza kama majarini iliyoachwa juani, na hata kwenye friji hayagandi vizuri. Mfugaji alikuwa anawapa mashudu ya alizeti kwa wingi na pumba za mahindi na mabaki ya chipsi, mafuta ya kimiminika anayokula nguruwe yanakwenda kukaa vile vile kwenye mafuta yake. Mwingine alikuwa anawapa utumbo wa samaki wa soko la Feri, soseji zikawa na shombo, mteja akaniuliza kama nachanganya dagaa. Sasa hivi nauliza chakula kabla ya kuuliza bei. Mwezi wa mwisho kabla ya kuchinja nataka mashudu yapunguzwe na samaki asimame kabisa.

La tatu aina ya nguruwe. Kuna shamba moja wana nguruwe wazuri sana kwa macho, makalio makubwa kama wanafanya mazoezi, hawana mafuta. Niliwapumzisha, niliwamwagia maji, alfajiri, kila kitu, bado nyama ikatoa maji. Kuna kasoro ya kurithi kwenye hao wenye misuli mikubwa, hasa damu ya Pietrain na baadhi ya Landrace, mshtuko kidogo tu misuli inawaka joto, wengine wanakufa kwenye gari kabla hata hawajafika. Mwaka 1991 watafiti wa Canada ndo walioonyesha kasoro yenyewe iko kwenye jeni gani, na nchi nyingi wakaanza kupima madume ya mbegu. Sisi huku dume linazungushwa kijiji kizima bila kuulizwa. Sisemi kila mwenye makalio ana hiyo shida, ila mfugaji akikuambia wangu hufa wakishtuka, sikiliza hiyo sentensi vizuri.

Na muhuri jamani. Siku moja afisa mifugo alipasua ulimi na moyo wa nguruwe wangu akakuta punje nyeupe kama mchele, tegu. Mzoga wote ukazikwa na mimi nimeshalipia. Niliumia ila sikubishana, nimemwona jirani yetu anavyopata kifafa na hospitali walisema ni hao minyoo wameingia kichwani. Anayekuambia atakuuzia bei ya chini bila kupita kwa daktari, mwache aende.

Baridi ndo kitu nilichokuja kuelewa mwisho na pengine ndo kilikuwa kinanimaliza hata nikiwa na nguruwe mzuri. Mzoga unatakiwa uwe umeshuka chini ya nyuzi 7 ndani kabisa ya paja kabla ya siku kuisha. Dipu friza ya nyumbani haiwezi, unaweka mzoga wa moto juu unaganda, katikati ya paja bado joto, karibu na mfupa inaanza kunuka. Nilijikusanya na wenzangu wawili tukanunua kontena dogo la baridi la mtumba, tunachangia umeme, ukikatika tunachangia na mafuta ya jenereta na kulaumiana. Ukinunua hiyo kabla ya mashine nzuri ya kusaga utakuwa umenizidi akili. Wakati wa kusaga soseji nako weka barafu iliyopondwa, nyama isizidi nyuzi 12, ikizidi mafuta yanajitenga na soseji ikiiva inatema mafuta pembeni.

Gharama kwa sasa imepanda, hela ya vijana, barafu, kontena, yani kilo inaniongezea kama shilingi 900 kuliko zamani. Ila mzigo unaorudi hakuna, na ule mgahawa ulirudi mwaka jana kwa oda ndogo ndogo, kilo kumi.

Kilichobaki ni kaka wa Iringa. Nilikaa na namba yake miezi mingi, naifungua naifunga. Mwezi wa tatu nikajikaza nikapiga. Nikamweleza yote, fuso, jua, nyundo, ndimu na maziwa, nikamwambia haukuwa mwizi na nilikosea, na nitaandika vile vile kwenye grupu kama nilivyokutukana kwenye grupu. Nikaandika kweli, mbele ya watu wote. Kwenye simu alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekata. Halafu akasema, "Kamwene dada. Nguruwe wapo. Ila safari hii unalipa kwanza."

Nikatuma hela asubuhi yake. Wanafika Alhamisi usiku, sita, wa banda moja.